Etiketi ya bourbon: neno ya kweli na neno iliyofichwa

Katika nganda na maduka za Goma, Bukavu, Bunia ao Kisangani, chupa za wiski za kutoka ngambo zinapangwa nyuma ya muuzaji, juu kabisa, mahali kila mutu anaziona. Mununuzi anauliza bei, anaangalia rangi, anaangalia picha ya farasi ao ya muzee mwenye ndevu. Yale maandishi madogo ya nyuma, ni wachache sana wanayasoma.

Lakini kwa bourbon, wiski ya Marekani, maandishi hayo madogo yana historia ya zaidi ya miaka 100: mabishano kati ya wapikaji, wafanya biashara, Leta na wanywaji. Historia hiyo inafundisha jambo moja linalofaa hata mutu asiyekunywa pombe: kila neno ya etiketi inaweza kuwa ya kweli, na mununuzi bado akatoka amedanganywa.

Bourbon ni nini?

Wiski zote ni pombe ya nafaka. Nafaka inachachuka, kisha inapikwa, mvuke inakusanywa na kugeuka tena maji makali. Mwenye kujua namna lotoko ao lutuku inapikwa anaelewa kazi hiyo bila shida. Tofauti kubwa iko katika mambo matatu: nafaka gani, pipa gani, na nani anahakikisha.

Ili chupa iitwe bourbon katika sheria ya Marekani, nafaka zake lazima ziwe mahindi angalau 51%. Zile zingine zinaweza kuwa ngano, shayiri ao nafaka ya inchi za baridi inayoitwa rai. Wakati wa kupika, nguvu ya pombe isipite 80%. Wakati wa kuingizwa ndani ya pipa, isipite 62.5%. Pipa lenyewe linapaswa kuwa jipya, la muti wa mwaloni, limechomwa moto kwa ndani. Ndiyo ule mukaa wa ndani ya pipa unatoa rangi ya kahawia na ladha ya sukari ya kuungua. Mwishoni, chupa inapaswa kuwa na nguvu ya 40% ao zaidi.

Kitu kimoja tena: kwa bourbon safi hairuhusiwe kuongeza rangi wala dawa ya kunukia. Kama kuna rangi, imetoka katika pipa. Mwaka 1964, bunge la Marekani lilitangaza kwamba bourbon ni kinywaji cha pekee cha inchi hiyo. Tangu hapo, wiski iliyopikwa ngambo ya Marekani haiwezi kuuzwa kule kwa jina la bourbon. Wengi wanafikiri inapaswa kutoka katika jimbo la Kentucky tu. Hapana. Kentucky ndiyo kitovu cha kazi hiyo, lakini jimbo lolote la Marekani linaweza kupika bourbon.

Masharti hayo hayakushuka toka mbinguni. Yalitokea juu ya udanganyifu.

Wakati pipa lilikuwa halina jina

Katika karne ya 19, wiski nyingi ya Marekani haikuuzwa katika chupa. Mupikaji aliuza mapipa kwa mufanya biashara wa kati, huyu akauzia wenye nganda, na munywaji akamiminiwa katika kikombe ao katika chupa aliyoileta mwenyewe. Kati ya mupikaji na munywaji kulikuwa mikono mingi, na kila mukono uliweza kufanya ilivyopenda.

Wafanya biashara wengine walikuwa wananunua pombe kali isiyo na ladha, iliyopikwa haraka na kwa bei ya chini. Waliongeza sukari ya kuunguza ili ipate rangi, maji ya matunda ili iwe tamu, hata tumbaku ili ichome kooni sawa wiski ya kweli. Kisha wakaandika juu ya pipa kwamba ni bourbon ya zamani. Mupikaji aliyengoja miaka 4 ao 6 ili pipa likomae, alikutana sokoni na mutu aliyetengeneza «bourbon» yake kwa siku moja. Na bei ya yule wa siku moja ndiyo ilikuwa ya chini.

Wamoja walitafuta njia yao wenyewe. Mwaka 1870, katika muji wa Louisville, George Garvin Brown alianza kuuza wiski yake, Old Forester, ndani ya chupa zilizofungwa tu. Mununuzi alijua kwamba kama kizibo hakijaguswa, kilichomo ndani ndicho kilitoka kwa muuzaji huyo. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini chupa iliyofungwa inaonyesha tu kwamba hakuna mutu aliyeifungua njiani. Haionyeshe kama yule aliyeifunga ni musema kweli.

Sheria ya mwaka 1897

Mupikaji mumoja wa Kentucky, Edmund Haynes Taylor, alipigania Leta iingilie. Alisaidiwa na John Carlisle, waziri wa feza wa wakati ule, ambaye pia alikuwa mutu wa Kentucky. Tarehe 3 Machi 1897, raisi Grover Cleveland alitia sahihi sheria inayojulikana kwa maneno «Bottled in Bond», ni kusema pombe iliyotiwa katika chupa chini ya ulinzi wa Leta.

Sheria hiyo haikulazimisha kila mutu. Ilisema tu: mwenye anataka kuandika maneno hayo juu ya chupa yake, afuate masharti haya. Pombe yote ya chupa itoke katika kiwanda kimoja, kwa mupikaji mumoja, katika musimu mumoja wa kupika. Ikae katika depo inayolindwa na Leta kwa miaka 4 ao zaidi. Itiwe katika chupa ikiwa na nguvu ya 50% kamili. Na etiketi itaje kiwanda kilichopika, na kama ilitiwa katika chupa mahali pengine, pia itaje mahali hapo.

Depo hizo zilikuwa na kadena mbili: ufunguo mumoja kwa mwenye kiwanda, mwingine kwa ajenti wa Leta. Hakuna aliyeweza kuingia peke yake. Chupa ilipotoka, ilibandikwa karatasi ya Leta ya rangi ya kijani juu ya kizibo, yenye kuonyesha pombe ilipikwa wakati gani na ilitiwa katika chupa wakati gani.

Sababu gani Leta ilikubali kutuma watu wake kulinda mapipa ya watu binafsi? Jibu ni kodi. Kodi ya pombe ilikuwa moja ya mifuko mikubwa ya Leta ya Marekani wakati ule. Mupikaji aliruhusiwa kulipa kodi wakati pombe inatoka katika depo, si wakati inaingia, na Leta ilikuwa na uhakika kwamba hakuna pipa linatoroka. Kwa iyo, mupikaji alipata faida yake, Leta ikapata yake, na munywaji akapata etiketi ya kuaminika. Watu wengi wanaihesabu sheria hiyo kati ya sheria za kwanza za Marekani za kumulinda mununuzi. Lakini ukweli ni kwamba ilipita sababu wenye nguvu pia walikuwa na kitu cha kupata.

Wiski ni nini? Raisi anajibu

Wafanya biashara wa kati hawakunyamaza. Mwaka 1906, Marekani ilipata sheria ya kupiga vita vyakula na dawa za uongo. Harvey Wiley, fundi mukubwa wa kemia katika Leta, alisema kwamba wiski ya kweli ni ile tu iliyokomaa ndani ya pipa, na zile za kuchanganya si wiski. Wenye kuchanganya walikataa: kwao, nao pia walikuwa wanauza wiski.

Mabishano yalifika mpaka kwa raisi wa inchi. Mwaka 1909, raisi William Howard Taft, ambaye alikuwa mutu wa sheria, alikata maneno. Alisema pombe zote za nafaka zinaweza kuitwa wiski, lakini etiketi inapaswa kusema ni ya namna gani: safi, ni kusema «straight», ao ya kuchanganywa, ni kusema «blended». Hakuna aliyekatazwa kuuza. Kilichokatazwa ni kuficha. Maneno hayo mawili yangali juu ya chupa mpaka leo.

Leo: ni nani aliyepika?

Kisha marufuku ya pombe ya mwaka 1920 mpaka 1933, sheria mupya zilitungwa, na leo kuna ofisi ya Leta ya kodi na biashara ya pombe na tumbaku ambayo inapaswa kukubali etiketi mbele chupa iuzwe. Tumbaku na sukari ya kuunguza za zamani haziko tena tatizo kubwa. Tatizo la leo ni lingine: hadisi.

Tangu miaka ya 2000, bourbon ilipendwa sana na makampuni madogo yakazaliwa kwa wingi. Lakini mwenye kujenga kiwanda leo anapaswa kungoja miaka kadhaa mbele mapipa yake yakomae. Na mapipa yanapoteza: kila mwaka sehemu ya pombe inatoka katika mbao na kupotea hewani. Wakati huo wote mushahara unalipwa na deni inaongezeka. Ndiyo maana wengi wananunua pombe iliyokwisha kukomaa kwa kiwanda kingine, wanaitia katika chupa zao, wanabandika jina lao.

Kiwanda kimoja kinachojulikana kwa kazi hiyo kiko katika muji wa Lawrenceburg, jimbo la Indiana. Kilikuwa cha kampuni Seagram, na mwaka 2011 kilinunuliwa na kampuni MGP. Pombe yake ni nzuri, hakuna mwenye anabisha. Kununua kwake si kosa hata kidogo, na kuna makampuni yanayoandika wazi kwamba yalinunua. Kosa linaanza wakati etiketi inaonyesha shamba, babu, chemchemi ya maji na siri ya jamaa, na pombe yenyewe ilitoka katika kiwanda kikubwa cha jimbo lingine.

Mufano unaojulikana zaidi ni wa Templeton Rye. Hiyo si bourbon. Ni wiski ya rai, ndugu yake wa karibu, na kanuni za etiketi zinafanana. Kampuni hiyo ya jimbo la Iowa ilijisifu kwa namna ya kupika ya wakati wa marufuku, na jina la jambazi Al Capone lilitajwa katika hadisi yake. Kumbe pombe ilikuwa inatoka Indiana, katika kiwanda cha Lawrenceburg. Wanunuzi walipeleka mashitaka katika tribinali mwaka 2014. Mwaka 2015 pande zote zilipatana: wanunuzi waruhusiwe kurudishiwa sehemu ya feza yao, na etiketi ibadilishwe ili ionyeshe kwamba pombe ilipikwa Indiana. Miaka kisha, kampuni hiyo ilijenga kiwanda chake yenyewe Iowa.

Angalia vizuri kilichowauma wanunuzi. Hakuna mutu aliyekufa, hakuna aliyegonjwa, na ladha haikuwa mbaya. Walilipa bei ya hadisi, na hadisi haikuwa ya chupa ile.

Namba ya umri inapopotea

Jambo lingine ni umri. Kama etiketi inataja miaka, sheria inaomba itaje umri wa pombe iliyo changa kuliko zote ndani ya chupa. Ukichanganya pipa la miaka 15 na la miaka 6, unaandika 6. Bourbon inayoitwa «straight» inapaswa kuwa na miaka 2 ao zaidi, na kama haijafika miaka 4, umri uandikwe kwa lazima. Kwa iyo, chupa ya «straight bourbon» isiyotaja umri inapaswa kuwa na miaka 4 ao zaidi.

Wakati wanywaji waliongezeka, mapipa ya zamani yalikosa kutosha. Makampuni yalianza kuondoa namba. Elijah Craig, bourbon iliyokuwa na miaka 12, iliondoa namba hiyo mwaka 2016, na kampuni ikaeleza kwamba sasa inachanganya mapipa ya miaka 8 mpaka 12. Sheria haikuvunjwa. Lakini mununuzi ambaye hafuate habari anachukua chupa ya jina lile lile, akifikiri ni kitu kile kile.

Hata jina lenyewe lina hadisi yake. Elijah Craig alikuwa mupasta wa Kentucky katika karne ya 18, na watu wengi wanasema ndiye alivumbua bourbon. Wanahistoria hawakubali, wanasema hakuna mutu mumoja aliyeivumbua.

Maneno matamu yasiyo na kipimo

Kuna maneno ambayo sheria haikuyapa maana yoyote. «Small batch», ni kusema imetengenezwa kwa kiasi kidogo: kidogo namna gani? Inaweza kuwa mapipa 10, inaweza kuwa mapipa 200. «Handmade» ao «handcrafted», ni kusema kazi ya mikono: hakuna anayepima mikono. Wanunuzi walishitaki kampuni ya Maker's Mark juu ya neno «handmade», wakisema kiwanda kikubwa kinatumia mashini. Mwaka 2015 tribinali ilitupilia mbali mashitaka hayo. Katika jambo kama hilo, ni mununuzi mwenyewe anapaswa kujua kwamba neno tamu si kipimo.

Lakini kampuni hiyo hiyo ilitoa fundisho lingine. Mwezi wa pili 2013, ilikuwa inakosa pombe ya kutosha kwa wateja wote. Ilitangaza wazi kwamba itaongeza maji kidogo, na nguvu itashuka toka 45% mpaka 42%. Wateja waliwaka. Kisha siku chache tu, kampuni iliomba musamaha na kurudilia 45%. Wengine waliicheka. Lakini kama isingetangaza, wateja wangapi wangeona namba ile ndogo imebadilika? Ilisema mbele, wateja wakajibu, na jibu lao likabadilisha chupa. Etiketi ya haki inampa mununuzi nafasi ya kukataa.

Etiketi tunayoijua huku

Katika Kivu na Maniema, neno etiketi haliko geni. Magunia ya coltan, ya kasiteriti na ya wolframu yanafungwa etiketi yenye namba ili mununuzi wa ngambo ajue yalitoka katika shimo gani. Na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kwamba madini ya mahali pengine yanaingizwa katika magunia yenye etiketi safi. Karatasi ni ya kweli, namba ni ya kweli. Kilichomo ndani ndicho kilitoka pengine.

Ni swali lile lile la Lawrenceburg, hata kama huku uzito wake ni mukubwa zaidi sababu unagusa damu ya watu. Etiketi ina nguvu kwa kipimo cha mutu anayesimama nyuma yake: ajenti mwenye ufunguo wa pili, tribinali inayosikiliza, na mununuzi anayeuliza. Ukiondoa hao watatu, inabaki karatasi na gundi.

Namna ya kusoma chupa

Mwenye kununua bourbon anaweza kufuata mambo haya machache.

Tafuta jina kamili. «Straight bourbon» ni ile ya miaka 2 ao zaidi, bila rangi ya kuongeza. «Blended bourbon» inaweza kuwa na pombe nyingine mpaka karibu nusu. Ikiwa kuna neno la asali ao la matunda, ni kinywaji cha kutiwa ladha, na mara nyingi nguvu yake iko chini ya 40%.

Tafuta nani alipika. «Distilled by» inamaanisha imepikwa na fulani. «Bottled by» inamaanisha fulani aliitia katika chupa tu, na pengine hakuipika. «Produced by» haitoshe kuonyesha nani alisimamia moto. Kama pombe ilipikwa katika jimbo moja na kampuni iko katika jimbo lingine, sheria ya Marekani inaomba jimbo la kupika liandikwe. Mara nyingi linakuwa nyuma, katika herufi ndogo.

Tafuta umri, na usichanganye umri wa pombe na mwaka wa kampuni. «Since 1880» ni umri wa jina, si wa kilichomo ndani.

Tafuta nguvu. Waamerika wanatumia pia kipimo cha «proof», ambacho ni mara mbili ya asilimia: 80 proof ni 40%, 100 proof ni 50%.

Ukikuta «Bottled in Bond», hiyo ni etiketi inayosema mengi kuliko zote: kiwanda kimoja, musimu mumoja, miaka 4 ao zaidi, 50%. Haimaanishe kwamba ni tamu kuliko zingine, wala kwamba inafaa kunywewa bila kipimo. Inamaanisha tu kwamba unajua ulichonunua.

Mwishoni, angalia kizibo na karatasi yake. Sheria ya Marekani inalinda etiketi mpaka chupa inatoka kiwandani. Haiwezi kuzuia chupa tupu ya bei kubwa kujazwa tena kitu kingine, udanganyifu unaojulikana hata Marekani kwenyewe. Huku Congo, kuhakikisha ubora wa bidhaa zinazoingia ni kazi ya OCC. Lakini chupa ikishafunguliwa na kujazwa tena nyuma ya nganda, hakuna ofisi inayoiona. Ndiyo maana kwa wengine ni desturi kupasua chupa tupu ya wiski ao kukwaruza etiketi yake mbele ya kuitupa, ili jina lisitumike mara ya pili.